Mawigi Matatu na Mgonjwa Mmoja

Kwetu Uvira ukuta wa sebuleni una heshima yake. Hutundiki pale picha ya mtu yeyote tu. Anawekwa baba aliyefariki, inawekwa arusi ya dada, anawekwa askofu, na inawekwa ile picha ya matanga: marehemu amelala, ndugu wamesimama pembeni wameinamisha vichwa, kwa sababu msiba usiopigwa picha kwetu ni kama haukuombolezwa sawasawa. Mgeni akiingia akaiona, anajua la kufanya. Anatoa pole kwanza, ndipo anakaa. Naanza na hilo kwa sababu nimeishi Stockholm muda wa kutosha kuona watu waliosoma wakitundika ukutani watu wa kuchekwa, na mpaka leo sijazoea.

Nafanya kazi kwenye karakana ya fremu, Sundbyberg. Zamani, nilipokuwa nikiishi Märsta, nilisafisha vyoo vya uwanja wa ndege. Kukata katoni na kioo ni kazi safi zaidi, ingawa wateja ni walewale. Mmoja alituletea mkanda wa mbwa wake aliyekufa, tuuwekee fremu ya mwaloni. Mwingine alileta tiketi ya tamasha. Nimejifunza kutikisa kichwa na kusema ni kitu kizuri sana, huku moyoni nikisema dunia ina watu.

Daktari alikuja siku ya theluji nyevu, na begi mgongoni na viatu vya kukimbilia, mrefu, msafi, ana kile kicheko kinachotangulia mzaha ili usije ukaukosa. Alifungua bomba la kadibodi akatandaza mezani kwangu michoro mitano ya karne ya kumi na nane, iliyochapwa kwa mabamba ya shaba, mingine imetiwa rangi kwa mkono. Aliipata kwenye mnada. Yote ilikuwa ya kuwacheka madaktari.

Sikatai, wachoraji wale walikuwa na jicho. Kulikuwa na daktari mnene aliyeinua chupa ya mkojo dirishani, anaitazama kama mlevi anavyotazama bia, na mgonjwa mlangoni akingoja kuambiwa kama ataishi. Kulikuwa na mwingine amebeba bomba la kusafishia matumbo, kubwa kama bomba la zimamoto, na mwanamke anakimbia amekusanya sketi. Kulikuwa na wa kutoa damu, bakuli limejaa na bado anakata. Wa nne alikuwa anang'oa jino, mguu umekanyaga kifua cha mtu. Na wa tano, ule mkubwa, daktari aliuweka juu ya mingine akaupangusa kwa kiwiko: madaktari watatu wenye mawigi kama kabichi, wananusa vichwa vya fimbo zao vyenye manukato na kubishana kwa Kilatini, vidole vimeinuliwa, na wote watatu wamempa mgongo mgonjwa aliyelala kitandani na mdomo wazi.

"Huku ndiko tulikotoka," alisema kwa Kiswidi chake kizuri, akacheka. "Nitaitundika kwenye chumba cha kungojea. Wagonjwa wapate kutabasamu."

Nilimwuliza anataka fremu ya aina gani. Alitaka nyeusi, nyembamba, na ile katoni nyeupe inayokaa kati ya picha na kioo, ambayo hapa wanaiita passepartout, pana kiasi ili mchoro upumue. Mchoro upumue! Nikaandika.

Ukifanya kazi ya fremu unaitazama picha kuliko aliyeinunua. Niliposafisha ule mchoro mkubwa niliona jambo ambalo lilinikera. Mchoraji alihangaika na yale mawigi unywele kwa unywele. Vifungo vya makoti ya madaktari vilikuwa na mng'ao wake, soksi zao zilikuwa na mikunjo yake. Mgonjwa alipewa mistari michache: pua, kofia ya kulalia, shimo la mdomo. Hata aliyewacheka madaktari hakuwa na muda na mgonjwa.

Nilikuwa na sababu ya kukereka. Mama yangu, ambaye alikuja huku uzeeni na anaishi nami Hjulsta, alikuwa anakonda. Kila akila, tumbo lilimshika chini ya mbavu za kulia mpaka anaacha kuongea. Aliacha sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, akaacha maharagwe, akaacha samaki, akabaki na chai na mkate. Nilipiga simu kituo cha afya cha mtaani. Mashine iliniambia nitapigiwa, nikapigiwa na nesi mwenye sauti tamu ambaye alisema anywe maji mengi, ameze paracetamol, na tupige tena ikizidi. Ilizidi, nikapiga tena. Maji na paracetamol. Nikashangaa nchi inayojenga ndege na mahandaki ya treni chini ya bahari ina dawa moja tu.

Mwishowe tulipewa daktari, kijana, aliyeongea na kompyuta kwa upole sana. Lakini niseme na upande wetu. Mama anapokwenda kwa daktari anajipamba kama anakwenda misa ya Pasaka: kitenge cha Uholanzi cha vipande vitatu, kilemba, shanga, mafuta usoni. Na akiulizwa anaendeleaje, anajibu "Niko muzuri, docteur, asanti," kwa sababu kumlalamikia mtu mgeni, tena mwanaume, kabla hamjasalimiana vizuri, kwake ni kukosa malezi. Kijana alimwona mwanamke nadhifu aliye mzuri. Akasema ni umri.

Kwenye treni ya kurudi nilimfokea. Nilimwambia, "Mama, mficha maradhi kilio humfichua."

"Kilio ni ya bale banabakia," alinijibu, akatazama nje.

Kwetu pia sisemi kuna malaika. Kuna nabii mmoja anayehubiri kwenye ukumbi wa kukodi si mbali na kwangu, ambaye alimwekea mama mkono kichwani na kutangaza kwamba tatizo ni adui wa ukoo. Alinusa hewa kama wale wa mchoro wanavyonusa fimbo. Na Uvira kulikuwa na mzee aliyetazama maji ndani ya bakuli na kukuambia nani amekuroga, na siku zote alikuwa jirani uliyegombana naye. Tofauti ni kwamba huyu mzee hakumpa mtu mgongo. Alikuwa tapeli, lakini alikukazia macho.

Sasa nisikilize jinsi mtu anayejiona hadanganyiki anavyodanganyika. Nikikata zile katoni, nilianza kumfikiria yule daktari wa viatu vya kukimbilia. Nilijiambia: mtu anayetundika aibu ya kazi yake mbele ya wagonjwa, huyo anajijua. Mtu anayecheka mgongo wa daktari, huyo hatampa mtu mgongo. Katika nchi hii unaweza kuchagua kituo unachotaka. Alipokuja kuchukua fremu zake nilimwuliza kama anapokea wagonjwa wapya. Alisema karibuni sana. Nikamhamisha mama siku hiyohiyo, na usiku nililala vizuri.

Kufikia siku ya miadi weupe wa macho ya mama ulikuwa umegeuka njano. Niliona asubuhi, dirishani, akifunga kilemba. Nilipiga simu kituoni kabla hatujatoka, nikawaambia. Wakasema mwambie daktari mkifika.

Chumba cha kungojea kilikuwa kama vyote: viti vya kijivu, chombo cha kunawia mikono, majarida ya bustani. Na ukutani, kazi ya mikono yangu, michoro mitano kwa mstari. Mama hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwa ule mkubwa akasimama mbele yake, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili. Akautazama kwa muda mrefu. Midomo ilicheza kidogo, nikajua anaomba. Bwana mmoja kwenye kiti aliutazama naye akacheka puani. Mama aligeuka akamtazama mpaka akarudi kwenye simu yake.

Nilimwuliza anaona nini. Akanifanyia ishara ya kunyamaza.

Daktari alitupokea kwa furaha. Alinikumbuka. Aliniambia mbele ya mama, akielekeza kidole kule nje, kwamba watu wote wanazisifia fremu. Kisha akakaa kwenye kiti chake chenye magurudumu, akakizungusha, na kutoka hapo nikamwona bega, sikio, na kisogo. Skrini ilipata uso. Sisi tulipata kisogo.

Mkalimani alikuwa kwenye simu iliyowekwa mezani, mwanamke wa pwani ya Tanzania kwa lafudhi, Kiswahili chake kimenyooka kama shuka la hoteli. "Shikamoo mama," alisema. Kwetu hatuna hiyo, na mama, kwa adabu, alijibu, "Asanti, maman, na wewe pia."

Daktari aliiuliza skrini mama anaendeleaje.

"Niko muzuri, docteur," mama alisema.

Nilimpiga kiwiko. Nilimwambia kwa sauti ya chini, "Sema tumbo." Akanikata jicho.

"Si leo," alisema. "Hauone docteur iko na kilio?"

Sikuelewa. Daktari aliuliza kama kuna maumivu. Mama akasema hapana, maumivu ni kidogo tu, ya kawaida, Mungu anasaidia. Nikaingilia kwa Kiswidi, nikasema hajala chakula cha maana kwa majuma kadhaa, macho yake yamekuwa ya njano. Daktari aliandika. Alisema, bila kugeuka, kwamba ni muhimu mgonjwa ajieleze mwenyewe. Vidole vyake vilikimbia kwenye kibodi, na mimi nikatazama kile kisogo na nywele zake zilizokatwa vizuri na nikaona wigi. Nyani haoni kundule, hata ukimnunulia picha yake na kumtilia kioo.

Hapo mama alisogea mbele ya kiti, akaweka mkono kifuani, na kwa sauti ya matanga, ile ya chini inayotoka pole pole, akasema, "Docteur, pole sana ya muzee. Tumeona picha yake pale inje. Bwana amupokee. Alikufaka lini?"

Mkalimani akatafsiri: mama anakupa pole kwa kufiwa.

Kiti kilizunguka. Kwa mara ya kwanza daktari alikuwa na uso. "Kufiwa na nani?" aliuliza.

Nami nikaelewa yote kwa mkupuo mmoja. Mama alikuwa ameona picha ya matanga. Mzee amelala, mdomo wazi, na watu wa nyumba wamevaa mavazi makubwa wamesimama pembeni, hawawezi kumtazama kwa uchungu, vidole juu wakimlilia Mungu. Alikuwa ameingia katika nyumba yenye msiba. Na katika nyumba yenye msiba hulalamiki tumbo. Unaweka mzigo wako mlangoni, unatoa pole, unawaacha wenye kilio walie. Ndiyo maana alikuwa mzuri. Alikuwa anamstahi daktari.

Nilimweleza daktari kwa kifupi. Mama anafikiri ule mchoro ni wa babu yako aliyekufa, na kwamba wale watatu ni ndugu zako.

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo baya zaidi. Alicheka kwa raha, kichwa nyuma, meno yote, kama mtu aliyepewa zawadi. Alisema ni jambo zuri kuliko yote aliyowahi kusikia kuhusu zile picha. Alisema lazima awasimulie wenzake wakati wa kahawa.

Nikiwa pale nilimdharau kuliko nilivyowahi kumdharau mtu, na nimewadharau wengi, wakiwemo waliokuwa na bunduki. Wale walijua ninawaonaje. Huyu alikuwa amejicheka mapema ukutani, kwa fremu nyeusi, ili asiwe na haja ya kusikia akichekwa na mtu mwingine.

Mama alisimama. Uso wake ulikuwa umefungwa. Alikuwa ametazama mtu akiulizwa kuhusu marehemu wake, na mtu huyo akaangua kicheko.

"Twende, mwana wangu," alisema. "Mutu mwenye anacheka maiti yake, ya kwangu ataifanyia nini?"

Kisha mkalimani, mtu wa amani, akasema kwa Kiswidi kwamba mama anashukuru na wangependa kuondoka.

"Hapana," nilisema. "Hakusema hivyo." Nikatafsiri mwenyewe, neno kwa neno, sikutia sukari.

Kicheko kilikatika. Lakini mama alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuchukua koti lake kwenye msumari, na mkono ulipopanda, tumbo likamshika. Alishika kitasa cha mlango. Hakupiga kelele, alitoa pumzi ndefu, akayumba, na kilemba kikateleza kikaanguka. Bila kilemba alikuwa mwanamke mdogo mwenye mvi chache na shingo nyembamba. Nilimdaka. Daktari alikuja akapiga goti sakafuni mbele yake, na sasa wakawa uso kwa uso, karibu kabisa, na nikamwona anayaona macho yake. Njano kama kiini cha yai. Hakuhitaji chombo chochote kuyaona. Alihitaji kugeuza shingo tu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, kama yanavyokwenda huku mtu akishaamua kwamba ni kweli. Alimlaza, akanawa mikono, akaomba ruhusa, akabonyeza chini ya mbavu za kulia, na mama akalia kilio ambacho kituo kizima kilisikia. Gari la wagonjwa lilikuja. Hospitalini walikuta mawe yameziba njia ya nyongo, na uchafu umeanza kuingia kwenye damu. Mpasuaji, mwanamke mchovu asiye na mzaha hata mmoja, aliniambia kwamba tungengoja zaidi ningezika. Nilimpenda papo hapo. Mama alikaa huko mpaka macho yakarudi meupe, akadai sombe, akalalamika kwamba chakula chao hakina chumvi. Alilalamika kwa kila mtu. Nilimsikiliza nikalia kwa furaha.

Majira ya kuchipua daktari alikuja karakanani. Alikuwa amebeba ule mchoro mkubwa ndani ya fremu yangu, ameufunga kwa karatasi ya kahawia. Alisema ameuondoa ukutani. Alisema amefikiri sana, na kwamba pengine mama angependa kuwa nao. Alisimama pale kwa namna ya mtu aliyerudisha sahani ya jirani ikiwa na ufa, akingoja nimwambie haina neno. Kiswidi kina maneno mengi ya kumwondolea mtu aibu. Siku hiyo sikukumbuka hata moja. Nikaupokea, nikamwambia mama anaendelea vizuri, nikarudi kwenye kukata kioo. Alisimama kidogo tena, kisha akaenda.

Nilitaka kuutupa kwenye chumba cha taka cha jengo letu, pamoja na makochi ya watu. Lakini mama aliuona ukumbini, akaufungua, akaniita nimweleze mara hii vizuri, bila haraka. Nikamweleza. Hakuna aliyekufa. Ni mchoro wa mzaha, wa zamani sana. Hawa watatu ni madaktari, na mchoraji anawacheka kwa sababu wanabishana badala ya kutibu.

"Na huyu?"

"Huyu ni mgonjwa tu, mama."

"Iko na ndugu?"

"Ni mchoro. Hana ndugu."

Binti yangu alipita na mkate mdomoni, akautazama, akasema kwa Kiswidi kwamba mawigi yanachekesha. Mama alikuwa ameweka kidole juu ya kioo, pale penye kofia ya kulalia na shimo la mdomo.

"Yeye ndio anakufa," alisema, "na bale ndio banaangaliwa."

Nilimwambia nitautoa nje. Akakataa. Alisema mgonjwa hafukuzwi, autundike nani kama si sisi, na awekwe pale sebuleni kando ya picha ya baba. "Lakini bale batatu," alisema, "sitaki kubaona ndani ya nyumba."

Kwa hiyo niliurudisha karakanani Sundbyberg. Nilifungua fremu, nikatoa ile katoni yenye dirisha pana, nikachukua katoni mpya na kisu kipya. Bosi alipita akaniuliza nafanya nini, maana dirisha nililochora kwa penseli lilikuwa dogo, chini upande wa kulia, na eneo lote jingine lilikuwa jeupe. Nikasema mteja ndivyo anavyotaka. Akatikisa kichwa akasema ni kitu kizuri sana.

Sasa uko sebuleni kwetu Hjulsta, kati ya baba na askofu. Katoni nyeupe kubwa, na ndani yake kidirisha, na ndani ya kidirisha mtu na kofia yake ya kulalia, mdomo wazi. Mistari yake ni michache lakini inatosha, sasa jicho halina pengine pa kwenda. Wanawake wa kanisani wakiingia wanasimama mbele yake, wanatoa pole, ndipo wanakaa, na mama anawaambia alikuwa mgonjwa, aliumwa sana, hakuwa na mtu. Madaktari wako palepale nyuma ya katoni na mawigi yao yote, na mpaka leo hakuna mgeni aliyewaulizia.